Niongezee Ile Nyingine

Glasi zilikuwa mbili, zote zimejaa eli nyeusi, bia ya mtindo wa Kiingereza niliyoipika mwenyewe, na zote zilitoka sufuria moja. Kimea kimoja (nafaka iliyochipuzwa kisha ikakaushwa), hopsi zilezile (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), hamira ileile. Tofauti ilianzia kwenye ndoo za kuchachushia: moja niliitia viungo kidogo, nyingine nikaiacha ilivyo. Rafiki yangu hakuambiwa lolote.

Alianza na yenye viungo. Akanusa, akanywa, akanyamaza, akanusa tena.

"Hii ina mambo," akasema. "Kuna kitu humu. Sikijui, lakini kipo. Hongera, bwana."

Ya pili aliionja bila hotuba. "Nayo nzuri."

Tukaendelea na mazungumzo mengine. Glasi zilipoisha nikamuuliza nimwongezee ipi.

"Niongezee ile nyingine."

Aliisifu moja, akataka nyingine. Kauli hiyo imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Nilikuwa na makala ya kujisifu karibu tayari, yenye vipimo na kila kitu, nikaiacha.

## Bia ya kukaa nayo

Jibu la kwanza lilikuja upesi. Eli za Kiingereza hazikutengenezwa ili zionjwe, zilitengenezwa ili zinywewe. Gesi yake ni kidogo. Kilevi chake kwa kawaida ni cha wastani. Hunywewa kwenye ubaridi wa nyuzi 12 hivi, si ule wa kugandisha meno. Hopsi za East Kent Goldings na Fuggle zina harufu ya udongo, majani na maua kidogo, hazimrukii mtu puani. Mtu anakaa na painti yake, anaongea, anasikiliza, na bia haimkatizi.

Viungo vinakatiza.

Hata huko Uingereza, eli yenye viungo ina historia ya kuwa kinywaji cha sherehe. Bakuli la wassail la msimu wa Krismasi lilikuwa eli iliyopashwa moto, sukari, kungumanga, tangawizi na matufaha ya kuchoma yakielea juu. Kinywaji cha namna hiyo kinapitishwa mkono kwa mkono, kinasifiwa, kisha watu wanarudi kwenye bia yao ya kila siku. Kwa hiyo rafiki yangu hakujipinga: moja ni ya kusifia, nyingine ni ya kunywa.

Jibu hilo lilinitosha kwa muda, kisha likaanza kunikera. Mimi sikupika wassail. Lengo langu lilikuwa kiungo chepesi, kile kinachozama ndani ya bia mpaka mnywaji asijue bia inaishia wapi na kiungo kinaanzia wapi. Kama kweli kilizama, kwa nini mkono wake ulikiruka?

Na kama kinatakiwa kuzama hivyo, kwa nini nikitie?

## 1816

Nikikwama huwa nakimbilia historia. Safari hii ilinipa zaidi ya nilichotafuta.

Katika karne ya 18 London ilikunywa pota, bia nyeusi iliyopikwa kwa kimea cha kahawia. Miaka ya 1780 haidromita, kifaa cha kupimia sukari iliyo kwenye maji ya kimea, ikaanza kuingia kwenye viwanda vya bia, na wapishi wakagundua jambo ambalo ulimi haukuwa umewaambia: kimea cha kahawia, walichokidhani cha bei nafuu, kilitoa sukari kidogo kuliko kimea cheupe. Hesabu ikawasukuma kwenye kimea cheupe. Lakini mnywaji alitaka bia yake nyeusi, nzito, yenye moto kooni, na kimea cheupe peke yake hakikuweza kumpa hivyo.

Pengo hilo lilijazwa kwa kila namna. Sukari iliyounguzwa ikaleta weusi. Mizizi mitamu ya susu ikaleta uzito. Tangawizi, giligilani na mbegu kali za Afrika Magharibi zenye ladha ya pilipili manga zikaleta joto kooni, joto ambalo mnywaji alilisoma kama kilevi. Wapo waliofika mbali zaidi na kutumia matunda ya sumu kutoka India, yaleyale ambayo wavuvi huyatumia kulevya samaki.

Mwaka 1816 Bunge la Uingereza likafunga mlango: kimea na hopsi, basi. Mpishi aliyekutwa na vitu vingine kiwandani mwake, hata kama hajavitia kwenye bia, alikabiliwa na faini ya pauni 200. Orodha ya vilivyokatazwa inachekesha na kutisha kwa pamoja, maana asali imewekwa humohumo na kasumba.

Mwaka uliofuata, 1817, Daniel Wheeler akapata hataza ya pipa la chuma la kukaangia kimea, linazungushwa juu ya moto kama kahawa inavyokaangwa, mpaka kimea kinakuwa cheusi tii. Kiasi kidogo kilitosha kuipaka rangi bia nyingi. Na kwa kuwa kilikuwa kimea, sheria haikuwa na la kusema.

Basi weusi na viungo vilifukuzwa pamoja, lakini weusi ulirudi kwa mlango wa mbele ndani ya mwaka mmoja. Viungo vilibaki nje. Ni mwaka 1880, waziri mkuu Gladstone alipohamisha kodi kutoka kwenye kimea na kuiweka kwenye maji matamu yanayotokana na kimea, ndipo mpishi alipopata uhuru mkubwa wa kuchagua atapika na nini. (Wa nyumbani walisubiri zaidi: leseni ya kujipikia bia Uingereza ilifutwa mwaka 1963.)

Kilichonikamata ni swali lililo nyuma ya sheria ile. Wabunge hawakuuliza kama tangawizi ni tamu kwenye bia. Waliuliza inaficha nini.

Nikalipeleka swali hilo kwenye ndoo yangu.

## Karafuu

Bia nyepesi haikuwepo ya kufichwa, kwa sababu ndoo zote mbili zilitoka sufuria moja na haidromita ilisoma sawa. Lakini kulikuwa na kitu kingine, na kilinichukua muda kukiona.

Viungo vyangu vilikuwa mdalasini, kungumanga, tangawizi na karafuu. Sasa, kila anayepika bia anaijua harufu ya karafuu kwa sababu nyingine kabisa. Shayiri ina asidi ya feruliki, na baadhi ya hamira zina uwezo wa kuigeuza kuwa kemikali yenye harufu ya karafuu. Hamira za bia za ngano za Bavaria hufanya hivyo kwa makusudi na watu huzipendea hilohilo. Hamira nyingi za eli za Kiingereza haziwezi. Kwa hiyo ukinusa karafuu kwenye eli ya Kiingereza ambayo hukuitia karafuu, mara nyingi maana yake ni moja: hamira ya mwituni imeingia ndooni, usafi ulipungua mahali fulani, na ladha itazidi kuharibika kadiri chupa zinavyokaa.

Ni kengele nzuri sana, na inalia mapema.

Ukitia karafuu, umeiziba. Ndoo yangu ingeweza kuwa na maambukizi na pua yangu ingesema "ah, viungo vimekolea vizuri". Nilikuwa na bahati ya kuwa na ndoo ya pili isiyo na kitu ya kulinganishia, nayo ilikuwa safi. Anayepika ndoo moja tu hana hata hiyo.

Hapo karafuu ikatoka kwenye mapishi yangu, na sidhani itarudi. Wapo watakaonibishia, na najua wanazipika nzuri. Lakini kiungo kinachofanana na kasoro ninayoiogopa kuliko zote sina sababu ya kukikaribisha, hasa kwa bia ninayotaka ikae chupani miezi kadhaa.

## Pua inashiba

Tuje kwenye kipimo.

Viungo sikuvitia kwenye sufuria. Mafuta yanayobeba harufu huondoka na mvuke wakati wa kuchemsha, na yanayosalia hupukutishwa na gesi wakati hamira inafanya kazi, kwa hiyo ukitia jikoni unakisia tu kitakachofika kwenye glasi. Njia ninayoipenda ni kuloweka viungo kwenye vodka kwa wiki moja hivi. Kilevi huvuta mafuta hayo vizuri kuliko maji, na vijidudu havipati nafasi. Kisha unachuja, unapima mililita 100 za bia iliyokwisha kuchachuka, unadondoshea kwa bomba la sindano kidogo kidogo, unaonja. Ukiridhika na mililita 0.3 kwenye glasi, ndoo ya lita 10 inataka mililita 30. Hesabu haina ubishi.

Pua ndiyo yenye ubishi. Ukikaa na harufu moja kwa muda, ubongo unaacha kukuletea habari zake. Mpishi ameponda mdalasini, amekuna kungumanga, amefungua kichupa cha vodka kila asubuhi kukinusa (nani anaweza kujizuia?), halafu yeye huyohuyo ndiye anayeshika bomba la sindano na kuamua kipi ni kidogo. Pua yake imeshiba. Kidogo chake ni kingi kwa mtu aliyeingia kutoka nje.

Kuna jaribio wanalolitumia waonjaji wa bia, nami nikaligeuza kwa matumizi ya nyumbani. Unampa mtu glasi tatu zisizopitisha mwanga: mbili sawa, moja tofauti. Humuulizi ipi nzuri. Unamuuliza ipi si ndugu wa wenzake. Akibahatisha tu, ana nafasi moja kati ya tatu ya kupatia. Nilichukua ile yenye viungo nikaichanganya na isiyo na kitu kwa viwango mbalimbali, nikawapa watu tofauti jioni tofauti.

Kwa bia ya viungo bila kuchanganywa, kila mtu alipatia, na baadhi walipatia kabla hata ya kunywa, kwa kunusa tu. Hicho ndicho nilichokuwa nakiita "chepesi". Mchanganyiko wa nusu kwa nusu, bado wengi waliupata. Ulipofika robo, watu wakaanza kubahatisha.

Ningekuwa wa haraka ningesema basi, robo ni sawa na hakuna. Lakini kuna jioni moja bia niliyoimimina ilikuwa ya mchanganyiko huo wa robo, watu wakanywa bila kusema chochote, na ilipoisha nikaendelea na ile isiyo na kitu bila kutangaza. Baada ya muda mmoja akaitazama glasi yake.

"Hii imepungukiwa, au?"

Hakuweza kusema imepungukiwa nini. Alipokuwa nacho hakukiona, kilipoondoka akakikosa.

Toka jioni hiyo nimeacha kuuliza kama mtu anakitambua kiungo. Nataka kujua kama anakikosa kikiondolewa. Jaribio la glasi tatu haliwezi kukuambia hilo, kwa sababu linampa mtu mafunda machache na kumtaka awe hakimu. Kukosa kitu kunahitaji muda wa kukizoea.

## Ulimi unajumlisha

Bado kulikuwa na mkono wa rafiki yangu uliokwepa glasi. Harufu kuwa kali ni sehemu ya jibu, lakini si lote. Alisema mwenyewe kwamba harufu ilimpendeza.

Nilipozinywa zote mbili polepole, glasi nzima kila moja, niliona kilichotokea glasi zilipokaribia kuisha. Ile yenye viungo ilikuwa inakausha mdomo.

Ukitazama mapishi unaona kwa nini. Kimea cheusi kina uchungu wake, wa mkaa na kahawa. Hopsi zina uchungu wake. Gome la mdalasini lina tanini, na tanini ni ukakasi mtupu. Karafuu ina yujenoli, mafuta ambayo madaktari wa meno wameyatumia kwa miaka mingi kutia ganzi. Tangawizi inawasha. Kila kimoja peke yake kinavumilika, tena kinapendeza. Lakini ulimi hauvipimi kimoja kimoja, unajumlisha. Bia isiyo na viungo ilikuwa imesawazishwa vizuri, na mimi nikachukua mizani iliyotulia nikaongeza mawe upande mmoja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mapishi mengi ya bia za viungo ninayokutana nayo. Yanakupa eli nyeusi iliyokamilika, kisha mstari wa mwisho unasema ongeza mdalasini kijiti kimoja. Kama bia ilikamilika, hicho kijiti kitakaa wapi? Lazima kitu kisogee. Uchungu wa hopsi ushuke. Kimea cheusi kipungue. Utamu uachwe kidogo zaidi nyuma, na huo unaupata kwa kuloweka kimea kwenye maji ya nyuzi 68 badala ya 65, kwa sababu kwenye joto hilo kimeng'enya kinachotoa sukari rahisi huharibika mapema na kinachobaki kinakata wanga vipande ambavyo hamira ya Kiingereza haivimalizi.

## Giligilani

Sasa ipi ibaki?

Mdalasini ulikuwa na mvuto. Unakubaliana na harufu ya zabibu kavu inayotoka kwenye kimea cha kristali, kile kitamu chenye ladha ya karameli. Lakini ukakasi wake unarudisha tatizo lilelile, na zaidi ya hapo, mdalasini kila mtu anautambua. Ukishautaja huwezi tena kunywa bia, unakunywa mdalasini. Tangawizi kwenye bia ya rangi ya dhahabu naielewa. Kwenye kimea kilichokaangwa naiona inagombana.

Kilichoniokoa ni hopsi zenyewe. Sehemu ya harufu ya maua kwenye hopsi inatokana na linaloli. Na linaloli ndiyo kemikali iliyo nyingi zaidi kwenye mafuta ya mbegu za giligilani. Kwa maneno mengine, giligilani inapoingia kwenye eli haiji kama mgeni. Inanyanyua kitu ambacho tayari kipo, harufu ileile ya maua na ganda la chungwa ambayo Goldings inaigusa kwa mbali. Mnywaji hawezi kusema "hii ni giligilani", kwa sababu ulimi wake unaisoma kama hopsi zilizochangamka.

Haikaushi mdomo, haitii ganzi, na haifanani na maambukizi yoyote ninayoyajua.

Kungumanga nimeibakiza, kidogo sana, kwa sababu inakaa vizuri na kimea cha kahawia chenye ladha ya ganda la mkate uliookwa. Hapo nakiri ni mapenzi tu, sina kemia ya kulitetea.

## Sufuria ijayo

Nitapika lita 20. Kilo 4.2 za kimea cheupe cha shayiri ya Maris Otter, gramu 400 za kimea cha kristali, gramu 400 za kimea cha kahawia, na kimea cheusi nimekishusha hadi gramu 100. Saa nzima kwenye nyuzi 68. Haidromita (maji matupu husoma 1.000) natarajia isome karibu 1.054 kabla ya hamira na isimame kwenye 1.015 au juu kidogo, yaani kilevi cha asilimia 5 hivi. Goldings gramu 35 kwa dakika 60 za kuchemsha, wakati kwa bia isiyo na viungo ningetia 45. Hamira ya Kiingereza inayozama vizuri, nyuzi 18 hadi 20, na nitaiacha imalize kazi yake bila kuisumbua.

Gramu 10 za giligilani iliyopondwa na ncha ya kisu ya kungumanga zitalala kwenye mililita 100 za vodka. Sitanusa. Au nitajitahidi. Bomba la sindano atashika mtu ambaye hakuwapo jikoni wiki hiyo, na chochote atakachoona kinatosha, nitatia nusu yake.

Safari hii sigawi. Ndoo zote zitapata viungo, isipokuwa chupa chache nitakazojaza kabla ya kuvitia, ili nipate za kubadilishia mezani bila kutangaza. Sukari ya chupani gramu 90 kwa lita zote, maana gesi nyingi ingeitupa harufu yote puani kwa mkupuo na kunirudisha nilikotoka.

Kinachonitia shaka bado ni muda. Harufu za namna ya giligilani hufifia chupani, na weusi wa kimea nao hulainika, lakini havifuatani kwa mwendo mmoja. Bia iliyosawazishwa leo inaweza isisawazike baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo nusu ya chupa zitanywewa baada ya mwezi, nusu nitaziandika tarehe na kuziweka nyuma kabisa ya kabati. Rafiki yangu ataitwa mara zote mbili, na sitamuuliza anaonaje. Nitamuuliza nimwongezee ipi.